Kuilinda Nyumba ya Mbali kwa Intaneti ya Polepole

Wengi wetu tulalao mabwenini hapa tumetoka vijijini, na nyumbani tumewaacha wazee. Kila turudipo kutoka likizo husikia ubishi uleule: je, kamera ya ulinzi yaweza kutumika kwetu, mahali ambapo hata sauti ya simu hukatika? Wengine husema haiwezekani, wengine husema ni fedha tu. Mwalimu wetu wa Fizikia aliponisikia nikibishana aliniambia, "Usibishane, andika." Basi naandika. Mimi si fundi. Haya nitakayoyaeleza nimejifunza kwa kukosea, na kosa moja nusura lituletee msiba.

Kwetu ni katika milima ya Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, ambako kahawa ndiyo sare ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo dawa ya mgonjwa. Kahawa ikisha kuchumwa humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja kwa siku saba hata kumi na nne au zaidi, kwa kadiri ya jua. Siku hizo zote mali ya mwaka mzima hulala nje. Mwaka 2024 wezi walikuja usiku wakakomba kichanja kizima. Tangu siku ile Bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye umri wake umepita miaka sabini, akawa halali. Alikaa barazani na blanketi lake jekundu na kurunzi yake, akikohoa mpaka alfajiri, maana Juni na Julai kwetu ni baridi kali.

Mjomba wangu, afanyaye kazi Dar es Salaam, alihuzunika sana. Likizo ya Juni 2025 alinipa kamera moja pamoja na ruta ndogo itumiayo laini ya simu, akasema, "Mpwa wangu, nenda uifunge, mama apate kulala."

Niliifunga kwa siku moja. Nilipoona kwamba yaweza kutoa picha safi kabisa, nikachagua hiyo safi kabisa. Tena nikairuhusu ipeleke kila ikionacho, usiku na mchana, kwenye ghala la kampuni huko mtandaoni. Usiku Mjomba akapiga simu: "Naona duara linazunguka tu." Kesho yake jioni kifurushi cha gigabaiti 3, kilichokusudiwa kutufaa mwezi mzima, kilikuwa kimekwisha, na Mjomba hajaona hata picha moja iliyotulia. Bibi akachukua kurunzi yake akarudi barazani bila kusema neno. Kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kukemewa.

Kwa nini picha hukwama

Ndipo nilipokaa na kalamu na karatasi. Picha ya kamera ni nukta nyingi zilizopangwa kama mbegu shambani. Picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu ina nukta 2,073,600. Kila nukta yataka biti 24 ili kuonyesha rangi yake. Kwa hiyo picha moja ni biti karibu milioni 50. Kamera ikipiga picha 25 kwa sekunde, jumla ni biti zaidi ya milioni 1,200 kila sekunde. Hakuna mtandao wa kijijini uwezao kubeba mzigo huo.

Kwa bahati njema, kamera hufinya mzigo kabla ya kuutuma. Hutuma picha moja kamili, na baada ya hapo hutuma yale tu yaliyobadilika. Ukuta usiosogea hauna haja ya kutumwa tena na tena. Kanuni moja ya kufinya huitwa H.264, iliyotolewa mwaka 2003, na mdogo wake, H.265 wa mwaka 2013, hufinya zaidi. Kwa kanuni hizi zile biti milioni 1,200 zaweza kupungua zikawa milioni 2 tu kwa sekunde, yaani megabiti 2. Huu ni upungufu wa zaidi ya mara 600.

Megabiti 2 ni kidogo, lakini kwetu bado ni nyingi. Nilipopima mtandao wetu niliona unapokea vizuri kidogo, bali kutuma ulituma megabiti 0.3 tu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Atazamaye sinema kwa simu yake anapokea, lakini kamera kazi yake ni kutuma, na njia ya kutuma aghalabu ni nyembamba kuliko njia ya kupokea. Kampuni za simu hutenga nafasi kubwa zaidi ya kupokea kwa kuwa watu wengi ndivyo wanavyotumia. Tena mnara una nguvu nyingi za kupaza sauti yake, na ruta ndogo iliyo chini ya bati haina nguvu hizo. Mtu akikuambia kuwa intaneti ya kwao ni nzuri, muulize kwanza: nzuri ya kupokea, au nzuri ya kutuma?

Wengine huuliza, "Je, waya wa baharini haukufika?" Ulifika. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa hupeleka mawasiliano mikoani. Lakini bomba likiwa nene mjini na mfereji wa nyumbani kwako ukiwa mwembamba, ndoo yako hujaa polepole vilevile.

Basi nilikuwa nikimlazimisha mtu abebaye debe moja abebe madebe karibu saba kwa safari moja. Tena ile njia ya megabiti 0.3, ikitumika mchana kutwa na usiku kucha bila kupumzika, hupitisha gigabaiti 3.24 kwa siku moja. Ndiyo maana kifurushi chetu kilikwisha.

Mfano wa birika la kahawa

Mwalimu alinieleza habari moja iliyonifungua macho. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, watu wa maabara ya kompyuta walichoka kupanda na kushuka ngazi kufuata kahawa na kukuta birika ni tupu. Wakaliwekea birika lile kamera, na picha yake wakaionyesha kwenye kompyuta zao. Picha ile haikuwa na rangi. Ilikuwa na nukta 128 kwa 128 tu, na ilibadilika mara chache kwa dakika. Mwaka 1993 iliunganishwa na intaneti, ikatazamwa na watu wa nchi nyingi mpaka ilipozimwa mwaka 2001.

Kwa nini picha duni namna ile iliwatosha? Kwa sababu swali lao lilikuwa moja tu: kahawa ipo au haipo? Nasi swali letu Mbinga lilikuwa karibu sawa na hilo: kahawa ipo kichanjani au haipo, na je, kuna mtu karibu nayo? Swali kama hilo halihitaji sinema. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kamera, yakupasa ujiulize ni jambo gani hasa unalotaka kujua ukiwa mbali. Picha na itoshe jibu la swali hilo, isizidi.

Mambo tuliyoyabadilisha

La kwanza, nilihamisha ruta. Niliitoa chumbani chini ya bati nikaiweka dirishani, upande unaotazama mnara, maana bati na kuta hudhoofisha mawimbi ya redio. Kutuma kukapanda kutoka megabiti 0.3 hadi 0.5, na sikulipa hata senti moja.

La pili, niligundua kwamba kamera nyingi zina mikondo miwili ya picha, mkubwa na mdogo. Mkubwa niliuachia kazi ya kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kamera yenyewe. Kuandika huko hakutumii kifurushi hata kidogo. Kadi ya gigabaiti 64 hutunza picha za megabiti 2 kwa muda upatao siku tatu, kisha hufuta za zamani na kuandika mpya. Mkondo mdogo ndio niliomwekea Mjomba: nukta 640 kwa 360, ambazo ni sehemu ya tisa tu ya zile za kwanza, picha tano kwa sekunde, na kilobiti 128 kwa sekunde. Dakika moja ya kutazama hivyo haifiki megabaiti moja.

La tatu, nilizima kule kutuma kwa mfululizo. Badala yake kamera hutuma picha moja tulivu panapokuwa na kitu kinachosogea. Picha kama hiyo yetu ilikuwa na kilobaiti 40 hivi, nayo hata kwa mtandao wa kilobiti 100 hufika kwa sekunde tatu na kidogo. Picha 20 za namna hii kwa siku, pamoja na dakika tano za Mjomba kutazama moja kwa moja, hazifiki megabaiti 6. Kwa mwezi ni chini ya megabaiti 180, ukiacha mazungumzo madogo ya kamera na mtambo wa kampuni yake. Likitokea jambo kubwa, mtu huomba dakika ile moja tu ya picha safi kutoka kwenye kadi. Dakika hiyo ni megabaiti 15, nayo kwa njia ya megabiti 0.3 hufika kwa muda usiozidi dakika saba. Amwonaye mwizi kwa picha safi baada ya dakika saba ni heri kuliko aonaye duara likizunguka usiku kucha.

La nne, niliichorea kamera mipaka. Mwanzoni ilimwamsha Mjomba kila upepo ulipotikisa migomba. Nikaiamuru iangalie vichanja tu. Usiku wadudu nao huvutwa na mwanga wake, na buibui hutanda utando mbele ya kioo. Basi kila juma mtu hana budi kukipangusa kioo kwa kitambaa kikavu.

La tano ni umeme. Kamera yetu hutumia wati 5 hivi, yaani wati-saa 120 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, lakini ruta nayo hula, wala betri haifai kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Wenye sola ndogo ya taa wasidhani kwamba itatosha bila kuhesabu.

La sita, tulibadilisha neno la siri lililokuja na kamera kutoka dukani. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha, ikazitumia kuziangusha tovuti kubwa za Marekani. Mlinzi ambaye ufunguo wake uko kwa kila mtu si mlinzi.

Usiku wa Julai

Baada ya marekebisho hayo Mjomba alifurahi, nami nikajiona fundi. Tulikubaliana kwamba akiona mtu usiku atampigia simu jirani yetu, maana jirani ndiye mwenye miguu ya kufika. Bibi hatukumshirikisha katika mapatano hayo. Tulimwambia tu, "Bibi, sasa lala." Hapo ndipo tulipokosea.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai, yapata saa nane, ukungu mzito ulishuka na manyunyu yakaanza. Kamera ikatuma picha. Mjomba, naye yuko Dar es Salaam, akaona mtu ameinama juu ya kichanja, amejitanda nguo nyeupe. Hakumtambua. Akampigia jirani. Jirani akaja mbio na wanawe wawili, mmoja na rungu, mmoja na panga, wakipiga kelele za mwizi. Niliamka kwa kelele hizo, nikatoka nje bila viatu. Kijana mmoja alikwisha kuinua rungu, ndipo iliposikika sauti tulivu kutoka chini ya turubai: "Wanangu, mnanitafuta mimi?"

Alikuwa ni Bibi. Alisikia manyunyu akaamka kuifunika kahawa yake, kama alivyofanya maisha yake yote.

Kijana yule aliliangusha rungu akaketi chini kwenye umande. Mjomba aliposikia habari alilia katika simu, na mimi, niliyejiona fundi, sikuwa na la kusema.

Asubuhi niliitazama picha ile tena na kuifanyia hesabu. Jicho la kamera yetu huona pembe ya digrii 90. Kwa umbali wa mita 12 huona upana wa mita 24. Nukta 640 zikigawanywa kwa mita 24 ni nukta 27 hivi kwa mita moja. Uso wa mtu wenye upana wa sentimita 15 hupata nukta nne tu! Hata mkondo mkubwa wa nukta 1920 ungetoa nukta 12, nazo ni chache mno. Zaidi ya hayo, usiku kamera hutumia mwanga usioonekana kwa macho yetu, na kwa mwanga huo rangi hupotea. Nguo nyingi za rangi huonekana nyeupe. Blanketi jekundu la Bibi, ambalo Mjomba angelijua hata gizani, lilitokea jeupe.

Kwa hiyo picha ile haikusema uongo. Ilijibu swali tulilolipa: je, kuna mtu? Naam, yupo. Sisi ndio tulioiuliza swali la pili, ni nani, tena tukajijibu wenyewe bila kungoja. Picha ndogo haina uwezo wa kumtaja mtu, wala haifai kuwa hukumu.

Mapatano yetu ya sasa

Tulikaa kikao, safari hii Bibi akiwa kitini pa kwanza. Tulipatana hivi. Kamera ikituma picha, Mjomba kwanza hupiga simu nyumbani, si kwa jirani. Simu isipopokelewa, ndipo humpigia jirani. Jirani akija, huita jina la Bibi kwa sauti kubwa kabla ya kuukaribia uwanja, wala hapana mtu wa kuinua rungu kwa sababu ya picha. Ikiwa kweli ni mwizi, watu hupiga taa na kelele ili aondoke, na habari hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi pamoja na picha iliyomo katika kadi.

Bibi naye alitoa masharti yake. Kamera isielekee mlango wa bafu wala njia ipitayo kwa jirani. Sharti hilo ni la haki. Hata Katiba ya nchi yetu, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa faragha yake. Niliisogeza kamera siku ileile mbele ya macho yake, nikamwonyesha katika simu yale inayoyaona na yale isiyoyaona. Alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni kipofu hivi! Basi tumsaidie."

Tena alibuni jambo ambalo mimi na hesabu zangu zote sikulifikiria. Siku hizi akitaka kwenda kichanjani usiku, kwanza huielekeza kurunzi yake kwenye kamera. Katika picha ndogo ya Mjomba hutokea doa kubwa jeupe lenye kung'aa. Doa hilo halihitaji nukta nyingi wala mtandao wa kasi; hata kama intaneti ingekuwa nusu ya ile tuliyo nayo, lingefika. Mjomba akiliona hujua kwamba mama yake ameamka, na bado hupiga simu, lakini hupiga kwa kumsalimu.

Kahawa ya msimu ule ilifika kwenye Chama cha Msingi yote, bila kupungua kichanja. Sijui kama ni kwa sababu ya kamera, au ni kwa sababu kijiji kizima kilipata habari ya usiku ule.

Mimi mwenyewe nikiwa shuleni sioni kitu, maana simu haziruhusiwi hapa, nami Novemba nina mtihani wa mwisho. Siku ya wazazi Bibi alikuja kunitazama na kifurushi cha karanga. Nilipomwamkia nilimwuliza kama sasa analala. Alinijibu, "Nalala, mjukuu wangu. Lakini sikio moja bado linakesha."

Basi, ndugu zangu, ukirudi kwenu likizo na ukakuta mtandao ni wa polepole, usikate tamaa wala usinunue kasi usiyoihitaji. Pima njia yako ya kutuma, jiulize swali lako, tuma kidogo kinachotosha, na mengine yaache nyumbani katika kadi. Lakini kabla ya yote hayo, keti na yule unayetaka kumlinda umweleze, nawe umsikilize. Mimi nilianza na kamera nikamalizia na Bibi. Ninyi anzeni na Bibi.